Kioo Alichochomoa Fundi Luqman

Jua lilikuwa linazama ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire, na Luqman alikuwa anafunga banda lake la kutengeneza kamera, mbele ya nyumba yake pale Ujiji, ili akamchukue binti yake, Asia, madrasa ya Rusimbi. Mwanamke mmoja akasimama barazani. Kwenye ncha ya kanga yake kulikuwa na fundo kubwa.

Luqman hakuuliza anatoka wapi. Miguu ya vumbi, kanga iliyopauka, macho ya mtu aliyezoea kupanga foleni. Mkimbizi. Miaka ile Warundi walikuwa wanavuka ziwa kwa maelfu, na Luqman alishawachoka kabla hajampa hata mmoja wao maji ya kunywa.

"Tumefunga," alisema.

Mwanamke akafungua fundo. Ndani mlikuwa na kamera kuukuu ya filamu, ngozi imebanduka ubavuni.

Luqman aliijua. Aliijua kuliko mwenyewe.

Miezi mitatu nyuma, Gervasi, mpiga picha wa kambi ya wakimbizi, aliileta isafishwe vumbi. Huyo Gervasi ndiye aliyekuwa akiwapiga picha watoto waliopoteana na wazazi wao njiani. Picha zilibandikwa ubaoni kambini, mama akipita amtambue wake. Kwa nje kamera ilikuwa takataka, lakini kioo chake cha ndani kilitamanisha. Luqman akakichomoa, akakitia kwenye kamera yake mwenyewe ya kupigia harusi. Ya Gervasi akaipachika kioo cha kamera iliyokufa zamani. "Mkimbizi atajua nini?" alimwambia mkewe, Mwanne, akacheka peke yake. Alikuwa fundi mzuri, hilo asinyimwe. Roho ndiyo iliyokuwa spea feki.

"Gervasi amenituma," mwanamke alisema. "Naitwa Melania. Picha zinatoka na ukungu."

"Kamera za zamani ndivyo zilivyo, mama."

"Umwana wanje alipigwa picha na hii. Verediana, mtoto wangu. Miaka sita." Alisema taratibu, akichagua Kiswahili chake neno kwa neno. "Alikaa ubaoni siku kumi na moja. Nilipita pale kila asubuhi, nikamtazama, sikumjua. Uso ulikuwa maziwa tu."

Luqman akatazama saa.

"Tumbo la kuhara likamwua. Mama aliyemwosha ndiye alinionyesha ndala yake. Ilikuwa moja tu."

Mtu mwenye haya angerudisha kioo palepale. Luqman alisonya. "Mungu ndiye mjuzi. Mimi fundi wa kamera, si wa makaburi. Lete niipime, uone kwamba ni nzima."

Akamwita Mwanne akae kwenye kigoda uani, hatua chache mbele ya ukuta. Akapima mita mbili kwa futi ya fundi cherehani. Akafungua mgongo wa kamera, na pale filamu inapopita akabandika kipande cha karatasi kilicholowa mafuta ya maandazi. Akaacha lenzi wazi, akainama kutazama.

Picha kwenye karatasi hukaa miguu juu, kichwa chini. Hilo halimshtui fundi. Uso wa Mwanne ulikuwa maziwa, kama alivyotarajia, akaanza kutunga uongo wa kumwambia mkimbizi.

Ndipo akaona kitu nyuma ya Mwanne, karibu na ukuta. Hicho kilikuwa hakina ukungu hata kidogo...

Mguu mdogo.

Una ndala.

Wa pili hauna.

Akainua kichwa. Mwanne alikuwa peke yake, anafukuza inzi. Ukuta mtupu.

Akainama tena. Mguu ulikuwa umesogea hatua moja mbele. Na harufu ikaja, kali, ya dawa ile wanayotia kwenye maji ya kunywa kambini.

"Mwanne... nani anatembea nyuma yako?"

"Atembee nani? Fanya haraka, mchuzi unaungua."

Pwa... kimya. Pwa... kimya.

Mtu anayetembea na ndala moja.

Luqman aliikwapua kamera yake ya harusi, akaifungua, akachomoa kioo na kukirudisha kilikotoka. Usidhani ni huruma. Ni woga mtupu, tena wa mtu aliyekuwa akiwacheka waoga. Skrubu mbili zilimponyoka, akazitafuta sakafuni kwa magoti. Alipotazama tena, Mwanne alionekana mpaka alama nyeusi ya juu ya mdomo. Nyuma yake palikuwa na ukuta, basi.

Woga ulipomtoka, dharau ikarudi mbio. "Imepona. Chukua uende."

Melania alikuwa amesimama pale mlangoni muda wote. Alikuwa ameona kioo kinatoka kamera ipi na kuingia ipi.

"Kumbe ulijua kilipo," alisema kwa sauti ya chini. Akaifunga kamera kwenye kanga, akaondoka.

Luqman akatoka mbio kwenda Rusimbi, amechelewa. Watoto walikuwa bado wanacheza nje ya madrasa. Alidhani ni vumbi. Akafikicha macho. Akafikicha tena...

Nyuso zote zilikuwa maziwa.

Ustadhi akamsalimia, sauti aliijua, uso haupo. Wasichana wote katika ushungi mweupe, wote sawa. Luqman aliona aibu kuuliza wa kwake ni yupi. "Asia!" aliita tu.

Mkono mdogo ukaushika wake. Ulikuwa baridi, na umelowa. Akashukuru moyoni, akauvuta kwenda nyumbani bila kutazama chini. Njia nzima alisikia, pwa... kimya, pwa... kimya. Akajiambia ndala ya Asia imekatika.

Mwanne alikuwa mlangoni, uso wake ukungu mtupu. Kutoka ndani ikasikika sauti ya Asia.

"Baba, nilikungoja sana, nikarudi na kina Ikram. Huyo uliyemshika ni nani?"

Luqman akatazama chini.

Ulikuwa uso wa kwanza kuuona sawasawa tangu atoke nyumbani. Aliuona mpaka kope, moja moja.

Hospitali walisema macho hayana kasoro. Miwani amejaribu mitatu. Wapo wanaosema Melania alikwenda kwa mganga, wapo wanaosema ni presha. Banda limefungwa. Luqman hukaa barazani na kumtambua binti yake kwa sauti, na mtoto anakua, sauti inabadilika.

Kila Ijumaa jioni Melania huja na kamera ileile ya Gervasi, kupiga picha pale barazani. Hamsalimii Luqman. Mwanne aliwahi kuonyeshwa picha moja: mumewe amekaa kwenye kigoda, uso wake maziwa, na ubavuni mwake msichana wa miaka sita, ndala moja, anacheka. Mwanne hakuomba kuonyeshwa nyingine.

Ijumaa iliyopita Melania alikuja tena. Akapiga goti, akafumba jicho moja, akatazama muda mrefu. Kisha akashusha kamera na kusonya.

"Sogea kidogo, fundi. Unamziba."