Orodha ya Biira na Jicho la Mzee Zedekia

Tangu mama yake alipofariki, kila asubuhi Biira alimwekea baba yake sahani mapajani. Upande mmoja obundu, ule ugali wa muhogo, upande wa pili samaki. Mzee Zedekia alimpapasa samaki polepole mpaka kidole kikakutana na mwiba. Akautoa, akauweka pembeni, akaendelea kula. Hakuna mwiba uliowahi kumpita. Lakini msimsifu sana kwa hilo. Hakuna mtu anayejifunza kula hivyo kwa kupenda.

Miaka mitatu mzee alikuwa haoni; mara ya mwisho kumwona Biira, alikuwa bado msichana wa shule. Jicho la kulia lilikwisha kufa zamani, na hakuna dawa ya kulifufua. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu mweupe unaofunika mboni. Huo unatibika. Daktari anautoa kwa upasuaji mdogo, na mtu anaona tena.

Na wiki hiyo, mwaka 2014, daktari alikuwa Bwera, mji mdogo wa mpakani. Alikuja kwa siku mbili tu, Jumanne na Jumatano, kwenye kituo cha macho cha parokia. Wagonjwa sabini walijiandikisha, kutoka Bwera, Bugoye hadi Hima. Aliyewaandika ni Biira mwenyewe. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na alijua kutumia kompyuta ya parokia.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Watu wa milima hii wana desturi yao ya majina. Mtoto wa kwanza wa kiume ni Mumbere. Binti wa pili ni Biira. Kila nyumba inafanya hivyo hivyo, kwa hiyo ukiita "Mumbere" sokoni, nusu ya soko inageuka. Ndiyo maana mzee akijitaja haishii kwenye jina. Anataja baba, anataja babu, anataja kilima, na usipomkatiza anakutajia hata mbuzi wa babu. Nani amkatize mzee? Biira hakuthubutu. Aliandika kila neno, kila mgonjwa mstari mmoja mrefu na nafasi tupu chini yake, na mwisho kabisa wa mstari akaandika jicho la kutibiwa. Kisha akabonyeza kitufe cha kuchapisha, akakunja karatasi zake, akalala vizuri.

Jumanne asubuhi alimshika baba yake mkono, wakapanda boda boda, wakafika kituoni. Nesi mkuu, Abdunoor, ambaye kila mtu alimwita musawo, yaani tabibu, alipokea zile karatasi. Alisoma. Akasoma tena. Halafu akavua miwani.

"Biira, kazi umefanya, sikatai. Lakini nisomee hapa."

Biira akasoma. "Mumbere Zedekia, mtoto wa Kule Yosamu, mjukuu wa Baluku yule mwenye mbuzi weupe, wa Karambi, juu ya ki..."

"Endelea."

"Karatasi imeisha, musawo."

"Na jicho liko wapi?"

"Liko mwisho wa mstari."

"Mwisho wa mstari uko wapi?"

Mstari ulikuwa mrefu kuliko karatasi, na printa ilikuwa imeukata pembeni bila kumuuliza mtu. Abdunoor akaweka kidole mahali pengine. "Na huku kuna Mumbere Zedekia mwingine. Huyu naye amekatwa. Mmoja ni jicho la kushoto, mwingine la kulia. Yupi ni yupi?"

"Wa Karambi ni baba yangu. Ni la kushoto. Huyo mwingine ni wa Bugoye."

"Wewe unajua. Daktari hajui. Na hizi karatasi zilichanganyika hapa mezani, hazina namba. Hii ni ya pili au ya tano?"

"Nipe kalamu, nijazie."

"Watu sabini? Nataka nakala nne: ya mlangoni, ya chumba cha upasuaji, ya wodi, na ya ukutani. Ukijaza kwa haraka utakosea jicho la mtu. Daktari amesema wazi, hamgusi mgonjwa ambaye jicho lake halijaandikwa vizuri. Na mimi nakubaliana naye. Anaanza saa nane mchana. Niletee orodha inayosomeka kabla ya hapo, la sivyo tutaanza na wale wa wilaya nyingine walioleta yao, na kesho jioni daktari anaondoka."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Wagonjwa sabini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wengine wametembea tangu juzi, na kosa lilikuwa la Biira. Baba yake alikuwa amesikia yote. Hakulaumu. Aliuliza tu, "Sasa tunaenda wapi?"

"Kwa Mama Laurentine, Tata. Twende upesi."

Laurentine alikuwa rafiki yao wa sokoni. Alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, ambako alifanya kazi miaka tisa kwenye nyumba ya uchapaji. Huku Bwera alifungua kibanda chake karibu na wabadilishaji fedha. Ndani mlikuwa na kompyuta nzee ya Linux, ile unayoiamuru kwa kuandika maneno, na printa ya zamani ya sindano, ile inayovuta karatasi ndefu iliyokunjwa kunjwa na kupiga kelele kwa kila mstari. Vijana walimcheka kwa printa ile. Yeye aliwajibu kwamba inakula utepe mmoja wa wino kwa mwaka mzima, wao je?

Alichomeka flash ambayo Biira alihifadhia ile orodha, akatazama skrini nyeusi yenye herufi nyeupe, akaguna. Kwa Kiswahili chake cha Butembo, karatasi ni papye, printa ni imprimante, na watu ni batu.

"Eh, Biira. Weye uliandika mistari mirefu sawa barabara ya Kasese. Papye haina urefu hiyo."

"Niliona kwenye kompyuta yote iko."

"Kwa kompyuta unaweza kusogeza pembeni. Papye haisogei. Somo ya kwanza ni hii: usitume kwa imprimante kitu haujaangalia ukurasa zake. Angalia sasa." Akaandika polepole ili Biira aone:

fmt -w 70 orodha.txt | less

"Hii fmt inapanga maneno. Namba sabini ni upana: mustari usipite herufi sabini. Hako kamustari kamesimama, ni mufereji. Kinachotoka huku kinaingia kule. Na less inatuonyesha tu kwa skrini. Haichapishi kitu."

Skrini ikabadilika. Mistari yote ilikaa ndani. Hakuna iliyokatwa. Biira alitafuta jina la baba yake, akalikuta, na mwishoni kabisa kulikuwa na maneno mawili aliyoyatafuta tangu asubuhi: jicho kushoto. "Chapisha, Mama Laurentine. Chapisha tukimbie."

"Polepole. Kurasa bado. Batu ba haraka ndio banamaliza papye yangu." Akaongeza mfereji mwingine:

fmt -w 70 orodha.txt | pr -h "WAGONJWA WA MACHO, BWERA" | less

"Hii pr ndiyo inakata kurasa. Juu ya kila moja inaweka tarehe, kichwa yenye umeandika, na namba ya ukurasa. Zikianguka chini, unazipanga tena."

Biira akashuka na skrini, ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye mwisho wa ukurasa wa pili alisimama. Jina la Mumbere Zedekia wa Karambi lilikuwa chini kabisa. Jicho lake lilikuwa juu ya ukurasa wa tatu, peke yake, kama la mtu mwingine.

"Huyu amekatwa katikati," akasema. "Nesi atasoma ukurasa wa tatu, atadhani hili jicho ni la huyu anayefuata."

"Umeona vizuri," Laurentine akasema, na safari hii hakutania. "Bagonjwa bako beko na mistari tofauti. Mumoja mbili, mwingine tano. pr haijue mutu inaanzia wapi. Inahesabu mistari tu."

"Inahesabu mingapi?"

"Ukurasa nzima sitini na sita. Tano za juu ni za kichwa, tano za chini ni nafasi tupu."

Biira akatoa kumi kwenye sitini na sita. Hamsini na sita. Akaitazama ile namba. Alikuwa mwepesi wa hesabu tangu shule, na sasa kitu kilianza kumwasha. Kama kila mgonjwa angepata mistari mitatu, si zaidi wala pungufu, na mmoja mtupu wa kumtenga na mwenzake, hiyo ni minne. Hamsini na sita kugawa kwa nne ni kumi na nne. Kamili. Hakuna kinachobaki.

"Kumi na nne kila ukurasa," akasema, na akajikuta amesimama. "Na watu ni sabini. Sabini kwa kumi na nne ni tano. Kurasa tano, Mama Laurentine, na hakuna hata mmoja atakayekatwa."

Laurentine alihesabu kwa vidole, akarudia, akaanza kucheka kwa furaha. "Nilichapa miaka tisa, sijapata orodha inalingana hivyo. Keti, tuandike upya. Mustari ya kwanza, jina na jicho. Ya pili, kijiji na siku ya kupasuliwa. Ya tatu, ukoo, lakini herufi sabini tu. Na fmt tunaiacha. Ile ni nzuri kwa barua. Hapa itatuunganishia mistari yetu."

Hapo furaha ya Biira ikapungua kidogo. Herufi sabini kwa ukoo wa mzee? Angekata babu za watu sabini bila ruhusa yao? Alimgeukia baba yake, aliyekuwa ameketi kwenye stuli mlangoni.

"Tata, itabidi nipunguze. Kwako atabaki Kule Yosamu peke yake. Baluku na mbuzi wake watatoka."

Mzee Zedekia akapunga mkono. "Andika jicho, mwanangu. Baluku haendi kupasuliwa."

Laurentine akacheka mpaka akafuta machozi. Na mzee hakuishia hapo. Yule asiyeona alikuwa anamjua kila mtu kati ya mto Mubuku na mpaka. Biira alisoma jina, yeye akataja neno moja la kumtofautisha mtu na wenzake. "Huyo ni fundi baiskeli wa Hima." "Huyo ni wa mama Kabugho." Akina Mumbere walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja alipata alama yake. Biira alitaja, Laurentine alipiga vitufe, na kazi ikaenda mbio. Saa saba kasoro walimaliza.

Laurentine alitaka kutuma. Safari hii Biira ndiye aliyemshika mkono. "Kwanza tuangalie."

Wakatazama kwa less, kurasa zote tano. Kila ukurasa ulianza na jina na kuishia na mtu kamili, si nusu. Ndipo Biira mwenyewe akaandika kwa vidole viwili:

pr -h "WAGONJWA WA MACHO, BWERA" orodha.txt | lpr

"lpr ndiyo inapeleka kwa imprimante," Laurentine akasema. "Bonyeza."

Printa ikaanza kupiga kelele. Karatasi ikapanda, ukurasa baada ya ukurasa, na mikunjo ikaangukia palepale ukurasa ulipoishia. Watu wawili waliokuwa wakipita walichungulia kuona kuna nini. Biira aliituma mara tatu zaidi, zikatimia nakala nne. Akazichana moja moja kwenye mikunjo.

Abdunoor alizipokea saa saba na nusu. Alivaa miwani. Alipitisha kidole kutoka mgonjwa wa kwanza hadi wa sabini, akaangalia juu ya kila ukurasa, akalinganisha akina Zedekia wawili. Mmoja wa Karambi, kushoto. Mmoja wa Bugoye, kulia. "Hii hata mimi naielewa bila kuuliza," akasema, akatafuta gundi ya kubandika ile ya ukutani. Tangu mwezi uliofuata, orodha ya chanjo na ya vyandarua pale parokiani zilitengenezwa vivyo hivyo, na Biira akawafundisha wahudumu wenzake watatu: pima upana, hesabu mistari, angalia kwenye skrini, ndipo uchapishe.

Mzee Zedekia aliitwa saa kumi jioni. Nesi alisoma karatasi, akamuuliza jina la baba, akabandika alama juu ya jicho la kushoto.

Jumatano asubuhi wagonjwa walikaa kwa mstari na bandeji zao. Abdunoor alifika kwa mzee, akaitoa taratibu, akainua vidole viwili mbele ya uso wake.

"Mzee, hivi ni vidole vingapi?"

Mzee Zedekia alikuwa akitazama nyuma ya nesi, ambako Biira alisimama na karatasi zake mkononi. Alimtazama muda mrefu. Jicho likajaa maji, akalifuta kwa mgongo wa mkono, akatazama tena.

"Biira," akasema, "mbona umefanana na mama yako hivi, na hakuna aliyeniambia?"