Kisu cha Mihayo Hakitaniwi

Jua lilikuwa linazama Danstan alipofika Nyamigogo kumchukua beberu wake, na hata kabla ya kuzima pikipiki alikuwa ameshamdharau mtu. Njiani alimkuta jamaa anachuna mbuzi kwa kisu cha mpini wa plastiki, vile vya mnadani, akapunguza mwendo makusudi ili amcheke vizuri. Danstan alikuwa na bucha pale Bisibo. Aliamini kabisa kwamba wilaya nzima ya Biharamulo hakuna mwingine anayejua chuma. Visu vya wenzake aliviita vijiko, na wenye visu hivyo aliwaita majina ambayo hayaandikiki. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma kuanzia asubuhi.

Bibi Kwandu, mjane wa mzee Mihayo, alikuwa uani akihangaika na fundo la kamba shingoni mwa beberu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Ngoja kwanza, imekaza."

Akachomoa kisu kiunoni, akaigusa kamba. Kuigusa tu. Kamba ya katani nene kama kidole gumba ikaanguka vipande viwili.

Danstan akamsahau beberu. Kile kilikuwa kisu cha kijeshi, cha kweli. Bapa lake jeusi halikung'aa hata kidogo, mgongo mnene wa kuvunjia mfupa, ncha iliyopanda juu kidogo. Mpini ulikuwa wa pete za ngozi zilizobanwa pamoja, zimeiva kwa jasho la viganja vya watu. Karibu na mpini palikuwa na herufi na namba, zimesuguliwa hadi kutosomeka. Kwa mara ya kwanza maishani aliona kitu ambacho hakuweza kukidharau.

Bibi akakisogeza kisu karibu na midomo yake. "Umekata kamba," akakinong'oneza. "Kamba tu." Ndipo akakirudisha alani.

Danstan akaangua kicheko. "Unaongea na chuma, bibi?"

"Mihayo alirudi nacho kutoka vita vya Kagera. Alikitoa kwa nani, hakusema. Hiki hakijui kama vita vimekwisha, baba. Kila kikirudi alani kinaambiwa kimekata nini, na kinaambiwa kweli. Ukikidanganya, mwenyewe anakuja kuuliza."

"Mwenyewe yupi?"

Bibi Kwandu alitazama kwenye migomba, kulikoanza kuwa na giza. "Mihayo hakuwahi kumwona uso."

Mwenye akili angemfunga beberu wake nyuma ya pikipiki akaondoka. Danstan akaomba apewe kisu. Alijiandaa kubembeleza, lakini bibi hakukataa. Alikilaza chini, kwa sababu silaha iliyokula mtu haikabidhiwi mkono kwa mkono, akarudi nyuma.

"Chukua. Miaka yote hii nakisimulia mimi. Nimechoka."

Bisibo ikapata shida. Wateja walikuja kununua nyama wakauziwa hotuba: jinsi jeshi linavyochagua chuma, jinsi makali ya kweli yasivyohitaji kinoo kila siku. Alinyoa nywele za mkono wake mbele ya akina mama. Alipasua goti la ng'ombe kwa pigo moja, akamgeukia shemeji yake, Privatus, aliyekuwa akimsaidia kazi. "Umeona? Wewe na kijiko chako mngekesha hapa."

Privatus alikuwa mdogo wake Deodata, mke wa Danstan. Mpole, mtaratibu, neno lake moja kwa siku. Danstan alimdharau kuliko binadamu wote, na Privatus alimvumilia kwa ajili ya dada yake.

Lakini kukiambia kisu kimekata nini, Danstan hakukiambia kitu. Asubuhi alikikuta nje ya ala, juu ya gogo la kukatia nyama. Akamlaumu Privatus. Kesho yake tena. Na bucha ikaanza kunuka... si nyama. Ilinuka buti zilizolowa, na mafuta ya bunduki.

"Shemeji," Privatus akasema jioni moja, wateja wawili watatu wakiwa bado dirishani. "Si uliambiwa ukiambie? Kiambie basi."

Wateja wakacheka. Danstan akaona nafasi ya kumwaibisha.

"Haya!" Akakiinua kisu juu wote waone. "Sikiliza, wewe chuma. Leo umemkata Privatus. Shingoni!"

Akakisukuma alani.

Tk.

Hakuna aliyecheka. Mbwa waliokuwa wakigombea mifupa nje waliondoka, wote, kimya kimya. Wateja nao wakachukua nyama zao bila kuaga. Privatus akainama mle mle ndani, upande wa nyuma wa bucha, kusugua ndoo, mgongo wake umeelekea mlangoni.

Harufu ikaja. Nzito.

Nje ya dirisha, nyuma ya paja la mbuzi lililoning'inia kwenye ndoano, mtu alikuwa amesimama. Danstan aliona koti refu linachuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Uso ulizibwa na paja. Akainama kidogo amwone, na paja likashuka naye.

"Ndiye yule anayesugua?" Kiswahili kilikuwa cha kambini, cha kuamrisha, lakini kwa sauti ya chini.

"Na... nani?"

"Privatus. Shingoni."

Danstan akapapasa ala. Ilikuwa tupu.

"Nilikuwa natania, mzee."

"Kimeambiwa."

"Ni shemeji yangu! Dada yake ni mke wangu!" Alitaka kupiga kelele lakini sauti ilitoka kama ya mgonjwa. Aliogopa, na kwa mara ya kwanza alimwona Privatus kama mtu: shingo nyembamba, kola iliyoshonwa na Deodata. "Nakuomba. Si yeye."

Maji yalidondoka. Tone. Tone.

"Kama si yeye, nani?"

Angeweza kusema jina lake mwenyewe. Mimi nawajua watu ambao wangelisema. Danstan alifikiria wote aliowadharau, na ajabu ni kwamba kila mmoja sasa alikuwa na mama, na watoto, na mlango ambao jirani angegonga kuuliza. Akatafuta asiye na mtu. Akampata.

"Kwandu," akanong'ona. "Bibi Kwandu wa Nyamigogo. Amekwisha kula chumvi ya kutosha."

Paja la mbuzi likayumba. Dirishani hapakuwa na mtu.

Privatus aliendelea kusugua ndoo.

Habari zililetwa asubuhi na bodaboda. Bibi Kwandu amekutwa amekaa kwenye kigoda chake, mlango umefungwa kwa ndani, shingo imefunguka toka sikio hadi sikio. Sakafuni hata tone la damu. Danstan alisema pole kama wengine. Kisu alikikuta juu ya gogo, kikavu, safi kuliko siku zote. Akakifunga kwenye gunia, akalisukuma chini ya meza, siku nzima akakata nyama kwa kisu cha Privatus, kile alichokiita kijiko.

Jioni foleni ilikuwa ndefu. Danstan alipogeuka kuchukua ini, kisu kilikuwa tena juu ya gogo, uchi, mbele ya watu wote. Na harufu ya buti ikaanza kupanda.

Akakidaka, akakisukuma alani. Hakikuingia.

"Umekata..." Akakigeuza kisu upande wa pili. "Hukukata kitu leo." Akasukuma kwa mikono miwili. Ala ilikuwa ile ile, kisu kile kile, na ncha iligoma mdomoni kama imegonga jiwe. Nyuma ya paja, koti lilianza kuchuruzika.

"Unafanya nini?" mteja mmoja akauliza.

Privatus akasogea karibu. Hakupandisha sauti. Hakuwa na hasira. Alimtazama shemeji yake kwa namna ambayo Danstan aliijua vizuri, maana ndivyo yeye alivyowatazama watu maisha yake yote.

"Jana nilisikia yote, shemeji. Kiambie kweli."

Danstan akaangalia foleni. Jirani zake wote walikuwepo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa wa tatu.

"Umemkata Bibi Kwandu," akasema.

Kisu kikaingia.