Kiti cha Baba Mchungaji

Fundi cherehani alipofuta vumbi kwenye kiti cha Baba Mchungaji asubuhi ile, alikikuta kina joto. Mto wake ulikuwa umebonyea katikati, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi. Na hakuna aliyewahi kukikalia. Sheria ya kanisa lao ilitaka kila nyumba iwe na kiti kitupu sebuleni kwa heshima ya Baba, na mbele yake watu wapige magoti kuomba ruhusa: ya kusafiri, ya kuozesha binti, hata ya kunyoa ndevu.

"Labda ni jua," alisema mumewe bila kugeuka. Dirisha lilikuwa upande wa pili.

Mchana, akiwa peke yake anapinda sketi ya mteja, fundi alijisemea chini chini, "Mama yangu anaumwa, nami sijamwona tangu niingie uzioni." Uzio ndilo jina walilolipatia kanisa lao; aliyebaki nje yake, hata awe mzazi, hakutembelewa. Jumapili Baba Mchungaji alifumba macho madhabahuni akayarudia maneno yale yale, pamoja na kikohozi alichokohoa fundi katikati. Waumini wakalipuka kwa vigelegele: Baba ana ufunuo! Fundi naye aliinua kiganja mdomoni apige, akakishusha. Wahenga walisema kuta zina masikio. Kuhusu viti hawakutuonya.

Dada yake alikuja kumfuata. Jua lilikuwa limemchosha, akajitupa kwenye kile kiti kabla hajazuiwa, na papo hapo akaruka.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "hiki kiti kina moyo. Umenidunda mgongoni."

"Dada, punguza sauti!"

"Kwani unamwogopa nani humu ndani?"

Fundi alikionyesha kiti kwa kidevu. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imeanza kutanda.

"Hilo ni jini, wala si Roho wa Mungu. Mungu anayajua ya moyoni mwako, atumie fenicha kukupeleleza? Mama anakuita. Twende."

Fundi aliamini, na kuamini kulimuuma, maana magoti yake yalikuwa yameota sugu kwa ajili ya kitu kile. Lakini akafanya kosa ambalo ni watu wa uzioni tu wangelifanya: alikwenda kwa Baba Mchungaji kuomba ruhusa ya kuondoka.

"Nitakuombea jibu," alisema Baba kwa upole, mkono wake ukiwa kichwani pa fundi. "Subiri, binti yangu."

Akasubiri. Maskini, akasubiri! Dada akatangulia kurudi kwa mgonjwa. Kiti nacho kikaanza kuhama. Kila fundi alipotoka jikoni alikikuta kimesogelea mlango, miguu yake ikiwa imechora sakafu, na siku dada alipopiga simu akasema tu, "Mama anazimika, njoo," fundi alikikuta kimeuziba mlango kabisa, kinahema, mto unapanda na kushuka, harufu ile nzito kiasi cha kumtoa machozi, na mumewe, mwanamume aliyempenda tangu usichana wake, amepiga magoti mbele ya kiti na wala haoni kwamba hakiko mahali pake.

"Mke wangu, ruhusa haijaja."

"Inuka twende wote, mume wangu. Nakusihi."

"Ukitoka, usirudi." Machozi yalimtiririka alipolisema hilo, ila sauti ilikuwa nzito, si yake.

Fundi alikisukuma kiti kwa bega. Kitu cha moto kilimkamata kifundo cha mkono, kikambana, kisha kikamwachia kwa urahisi uliomtisha kuliko kukamatwa. Akatoka peku.

Kwa mama yake aliwakuta wanawake wamejaa chumbani. Mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Amekuita mpaka mwisho," alisema dada. "Kila mlango ulipolia, alidhani ni wewe."

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda. Kifua kilimjaa, kilio kikagoma kutoka. Akabaki anaangaza huku na huku.

"Lia, mdogo wangu. Lia tu, utapasuka."

Fundi alimgeukia dada yake, macho yamemtoka kwa woga.

"Nani ameruhusu?"