Vitu Vinavyofunga Ndoa

Mama alikuwa mkunja karatasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Miaka kumi na tisa alikunja: mara mbili, bonyeza kwa kidole gumba, weka kando. Kadi za harusi, matangazo ya misiba, ratiba za kanisa, zote zilipita mikononi mwake. Hakujua hata moja ilisema nini. Mwaka huu ndipo alipoanza kujifunza kusoma. Mwalimu wake alikuwa jirani yake, katekista, mwanamke mwenye ulimi kama wembe mpya. Alifundisha watu wazima kila alasiri katika ukumbi wa kanisa.

Ijumaa moja mama aliingia darasani mbio mbio, karatasi kwapani.

"Mwalimu, leo nimesoma kazini peke yangu! Ni tangazo la afya. La vijidudu."

"Hongera, jirani! Hebu tusikie."

Mama akaweka kidole chini ya neno. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Vi-me-toka ng'ambo ya mto. Vi-na-zaana upesi. Vimejaa sokoni. Vimejaa hos-pi-tali. Vinafunga ndoa na binti zetu."

Katekista hakucheka. "Tangu lini vijidudu vikafunga ndoa?"

Mama akaurudia mstari ule. Binti yake aliolewa na muuguzi, kijana mpole aliyezaliwa ng'ambo ya mto. Walikuwa na mtoto wa miaka mitatu. Mama akaishusha karatasi.

"Ni watu," alisema.

"Ni watu. Na mtu husemwa 'anakula', watu 'wanakula'. Hata kunguni tunasema 'wanauma'. Mkwe wako wamemshusha chini ya kunguni."

"Labda mchapaji amekosea herufi."

"Hajakosea. Ukitaka kumuua jirani yako na bado ulale usingizi, kwanza mfanye kitu."

Chini kabisa paliandikwa: Jumapili baada ya ibada, wazalendo waonyeshe milango ya vitu hivyo. Kisha muhuri wa Mashati ya Kijivu, kundi la siasa la vijana wa mtaa. Muhuri huo mama aliujua. Ulikuwa kwenye shati la mwanawe wa kiume, yule waliyempachika jina la Chuma. Alilivaa tangu gereji ilipomwachisha kazi. Binti na mumewe walikuwa wamehama mtaa kwa hofu. Kwao palijulikana na jamaa tu. Chuma alipajua.

"Lakini hawa tunasali nao," mama alisema. "Bendera yao ina msalaba!"

"Siasa yao inaitwa ufashisti. Inamkuta mtu kama mwanao, hana kazi, ana hasira. Badala ya kumtafutia kazi, inamtafutia adui. Inamwambia taifa ndilo kila kitu, yeye peke yake si kitu. Kiongozi hakosei. Anayeuliza ni msaliti. Mnyonge ni mzigo, atupwe."

"Na sisi Wakristo tunasemaje?"

"Kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, awe wa ng'ambo hii au ile. Asiyekosea ni Mungu peke yake. Ukimpa binadamu kiti hicho, umechonga sanamu. Na Bwana wetu alikuwa mkimbizi akiwa bado mchanga. Hawa wamebeba msalaba, aliyesulubiwa wamemwacha njiani." Katekista akainamisha kichwa. "Nami nina dhambi yangu. Bendera hiyo imesimama mlangoni mwa kanisa wiki tatu. Niliiona. Niliogopa, nikanyamaza."

Jumamosi asubuhi mama aliwasomea wakunjaji wenzake karatasi ile. Saba kati yao waliacha kukunja. Bosi akawafukuza papo hapo, mama akiwa wa kwanza. Waliobaki wakakunja, karatasi zikaenda kusambazwa.

Mchana Chuma alikuja kula. Mtoto wa dada yake alikuwa pale kwa bibi.

"Mjomba! Mjomba, nibebe!"

"Kesho utawapeleka wenzako kwa dada yako?" mama aliuliza.

"Mama, siasa huijui. Vile vinatumaliza. Vimechukua kazi zetu..."

"Vipi hivyo?"

"Vile, mama! Unavijua."

Mama akamwinua mjukuu wake, akamketisha mezani mbele ya sahani ya Chuma.

"Huyu baba yake ni nani? Mtazame usoni useme hivyo hivyo. Sema: kina njaa. Sema: kinalia. Kinakuita mjomba, mbona hukiitikii?"

Chuma akasukuma sahani kando. Mtoto alimnyooshea mikono, akingoja kubebwa. Chuma akainuka, akaondoka bila kula.

Jumapili katekista alisimama mbele ya watu wote. Alieleza ufashisti ni nini, akaungama kimya chake, kisha akaenda mlangoni akaing'oa bendera. Nusu ya waumini walitoka kwa hasira. Nje, Mashati ya Kijivu walikuwa wanangoja na marungu.

"Chuma!" kamanda aliita. "Tuongoze kwa dada yako."

"Dada yangu ameolewa na mtu," Chuma alisema. "Sina kitu cha kuwaonyesha."

Rungu la kwanza lilimpata mdomoni. Mama na katekista walipomfikia na kumfunika kwa miili yao, alikuwa amelala chini. Wakunjaji wa karatasi wakawazunguka. Vijana wale wakatukana, wakatema mate, wakaenda kutafuta milango mingine. Siku hiyo nyumba nne zilichomwa. Muuza maziwa, mzee wa watu, alifia ndani ya moja. Mlango wa binti haukuguswa.

Chuma aliingizwa ukumbini. Meno mawili yalikuwa yameng'oka, mdomo umepasuka hadi karibu na pua, jicho moja limevimba. Mashati ya Kijivu walijaa njiani, hakuna aliyethubutu kumpeleka hospitali. Jioni muuguzi alifika kwa kupita nyuma ya nyumba, sindano na uzi mfukoni. Njiani angeweza kuuawa. Akapiga magoti, akanawa mikono, akashika taya la Chuma taratibu.

"Ganzi sina. Utaumia."

Mwaka mzima Chuma hakuwahi kumwita kwa heshima. Alimtazama kwa jicho lisilovimba.

"Shona tu, shemeji," alisema.