Lori Lililopita Msibani

"Kadi yangu hiyo, dada. Iskani tu, namba inaingia yenyewe."

Nyanjige aliipokea kadi kwa mikono miwili, akatabasamu, na hakuiskani.

Saa tano na nusu asubuhi. Ukumbi wa mikutano, Bariadi mjini. Watu mia tatu wenye vitambulisho shingoni walikuwa wamekuja kwenye jukwaa la kuunganisha wafanyabiashara wa Simiyu: wanunuzi wa pamba, wenye mashine za mpunga, wafanyabiashara wa ng'ombe. Kila mmoja alikuwa ameelekeza simu kwenye kadi ya mwenzake. Ndaki, mnunuzi wa ng'ombe wa Nkololo, alikuwa kiti cha mbele akicheka kwa kila neno la mwenye jukwaa.

Mwenye jukwaa aliitwa Constantine. Suti ya bluu, viatu visivyojua vumbi, meno meupe.

"Tunafahamiana tangu Maswa, dada Nyanjige," alisema bila kuuachia mkono wake. "Mtaji siku hizi ni watu. Mimi mkoa huu mzima ni nyumbani kwangu. Nkololo nimeshazika mara ngapi?"

"Hata mimi nashangaa, kaka."

Simu ya Nyanjige ilitetemeka mara mbili.

*Dengu zimeiva. Vuna leo.*

Aliitumbukiza kadi kwenye kifuko cha karatasi ya bati, kile kisichopitisha mawimbi, akatoka nyuma ya ukumbi ambako jenereta lilikuwa linanguruma. Akapachika kidude cha sikio, kidogo kama punje ya mtama.

"Ndoo hapa."

"Kisima nakusikia." Kisima alikuwa Maganga, mkuu wake, Dodoma. Nani aliyebuni majina hayo hajulikani, na ni heri asijulikane. "Fuso nyeupe. Imevuka mpaka juzi, ikalala Lamadi. Chupa elfu sita. Kibandiko kinasema chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Ndani ni ugonjwa wenyewe, mzima."

"Inakwenda wapi?"

"Josho la Nkololo. Saa nane mchana."

"Chanjo ya serikali ni Jumatatu."

"Ndiyo maana wamewahi. Kuna watu ng'ambo wanauza nyama kwa wanunuzi wale wale wanaotaka kuja kwetu. Nkololo ikiugua, mkoa unafungwa. Constantine ndiye mkono wao huko."

"Weka polisi barabarani."

"Wakiona kofia moja watageuza. Kesho wako Kimali, keshokutwa Shishiyu, na sisi tumelala. Nawataka wao pamoja na mzigo." Maganga akakohoa. "Na kuna Mayige."

Nyanjige alisogea mbali na mlango.

"Karani wa josho. Constantine na yeye wamepigiana simu mara sita ndani ya siku mbili. Ameuza. Mtie pingu kwanza, atakuonyesha lori lilipo."

"Mayige ni mtu wangu."

"Ndoo, wewe huna watu. Una vyanzo."

Simu ikakatika.

Miezi minane Nyanjige alikuwa ameuza dawa za mifugo kwenye duka dogo mtaa wa Somanda. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngozi yake ya kujifichia. Amri ilikuwa moja: jenga mtandao. Mwezi wa pili mama yake Mayige alifariki, na Nyanjige akaenda msibani kwa sababu kitabu cha kazi kinasema nenda. Alikwenda siku ya kwanza kikazi. Siku ya pili alichota maji tangu asubuhi. Siku ya tatu aliamka mwenyewe, bila kitabu, akatwanga mahindi na wanawake mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tangu hapo Nkololo ilikuwa inamwita kwa jina.

Sasa alijiuliza, kwa uchungu kabisa, kama alikuwa na tofauti yoyote na yule wa suti ya bluu.

Na kama Mayige aliuza, alikuwa ameuza na ng'ombe wake mwenyewe ishirini na watatu. Au ameahidiwa mia? Mtu humjui mpaka siku anayokuuza.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliifunga Glock 19 kiunoni kwa kitenge, akapanda pikipiki yake, Boxer, akashika barabara ya vumbi.

Josho lilikuwa tupu. Sauti za majembe zilitoka upande wa pili, bomani kwa mzee Masele. Mzee alikuwa amefariki juzi. Kata nzima ilikuwa pale: wanaume kaburini kando ya zizi, wanawake kwenye mafiga, mikokoteni ya ng'ombe imepangwa njiani imejaa kuni.

"Umemwona?" Maganga akauliza sikioni.

"Yuko kaburini. Anachimba."

"Mfuate."

"Haiwezekani. Mwanamke hafiki msibani mikono mitupu akaenda moja kwa moja kwa wachimbaji. Nikifanya hivyo watu mia nne watageuka kunitazama, na mmoja wao anaweza kuwa wao."

"Kwa hiyo?"

Nyanjige alikuwa ameshaazima ndoo.

"Ndoo, nasikia maji. Kwa nini nasikia maji?"

"Nachota."

Maganga alisema neno ambalo halifai kuandikwa. Saa saba kasoro robo. Nyanjige akapampu, akajitwisha, akatembea kwa mwendo wa msibani, usio wa haraka. Kwenye mafiga alikuwa ameketi bibi Milembe, muuza dagaa wa gulioni, mkubwa wa jiko.

"Mwadila, mayu," Nyanjige alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Leo umechelewa." Bibi akampokea ndoo. "Umekuta tumekasirika. Maiti imeletwa kutoka hospitali, tumesimama njiani wote, hata ng'ombe wamezuiwa. Likaja lori jeupe nyuma yetu. Unajua lilifanya nini? Lilipiga honi."

"Likapita?"

"Likapita. Na limebandikwa kitambaa cha chanjo. Mtu wa huku hawezi kumpigia honi maiti. Baiskeli inasimama, gari la mkuu wa wilaya linasimama. Lile si la huku."

"Lilikwenda wapi?"

"Kule mikwajuni, nyuma ya josho. Limejificha. Baadaye ikapita Prado nyeusi, ikaenda huko huko." Bibi akamtazama vizuri. "Wapelekee wachimbaji maji ya kunywa. Wewe si mgeni."

Nyanjige akachukua jagi.

Mayige alikuwa ndani ya kaburi mpaka kifuani, shati limelowa. Alipanda juu, akajifuta uso. Nyanjige akamnyooshea kikombe kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa ndani ya kitenge, juu ya chuma.

Mayige hakukipokea.

"Kiweke chini," alisema.

Miezi minane, na leo anayaogopa maji yake. Nyanjige akakiweka chini, wakasogea kando ya zizi.

"Constantine amekupigia mara sita."

"Umejuaje?"

"Nijibu, Mayige."

"Ujibu wewe." Sauti yake ilikuwa ya chini, imechoka. "Mara ya kwanza aliniambia, 'Namba yako nimepewa na dada Nyanjige wa dawa.' Anataka nipite na kipaza sauti, watu walete ng'ombe leo. Nikamwambia chanjo ni Jumatatu, nikakata. Akapiga tena, nikakata. Yeye ana dawa, wewe unauza dawa. Umemzika mama yangu, nikasema huyu ni ndugu. Juzi usingizi haukuja. Nilijua umeniingia ili unipate."

Maneno hayo yalimchoma kuliko alivyotegemea, kwa sababu nusu yake yalikuwa kweli.

"Sijampa mtu namba yako."

"Basi aliitoa wapi?"

Ndipo Nyanjige alipokumbuka.

Maswa. Wiki tatu zilizopita. Jukwaa la kwanza, kadi ya kwanza. Wote waliskani, naye akaskani asionekane tofauti. Kadi ikainyonya simu ya duka, na namba zote zilizokuwamo. Na alikuwa ameziandika kama sote tunavyoziandika: *Mayige Josho. Milembe Dagaa. Ndaki Ng'ombe.* Constantine hakuhitaji kumpeleleza mtu. Aliisoma Nkololo nzima, kazi kwa jina, kutoka mfukoni mwa jasusi.

Msaliti waliyekuwa wanamtafuta alikuwa ni simu yake.

"Kisima," alisema kwa sauti kavu. "Zile simu sita. Kila moja ilidumu muda gani?"

Mayige alimtazama akiongea na hewa.

"Subiri... Sekunde kumi na tisa. Sita. Nne. Nne. Tatu. Mbili."

"Kuna mtu anauza ng'ombe wa kata nzima kwa sekunde mbili?"

Hakusubiri jibu la Dodoma.

"Namba ameiiba kwangu," Nyanjige alimwambia Mayige. "Kosa ni langu. Zile chupa si chanjo, ni ugonjwa. Na mimi si muuza dawa."

Mayige akautazama uvimbe kwenye kitenge. "Hilo nimeanza kuliona. Na msibani kwa mama? Ulitumwa?"

Angeweza kudanganya. Ndiyo kazi aliyosomea.

"Siku ya kwanza nilitumwa."

"Na zile mbili?"

"Hapana."

Mayige akarudi kilipokuwa kile kikombe, akakiokota, akayanywa maji yote.

Simu yake ikalia. Ya saba. Akaweka sauti ya juu.

"Kaka Mayige, niko hapa joshoni na wataalamu. Josho tupu. Watu wako wapi?"

"Msibani."

"Wote?"

"Huku tunazika wote."

"Sasa wanamaliza saa ngapi? Dawa inataka baridi."

Mayige akamtazama Nyanjige. Nyanjige akaitazama ile mikokoteni, akaitikia kwa kichwa.

"Ukiwataka watu, lete dawa hapa," Mayige alisema. "Mazizi yote yako jirani. Uje na lori."

"Safi. Unaona faida ya kufahamiana?"

Mayige akakata. Akaenda kwa wachimbaji, akasema nao Kisukuma, maneno machache. Hakuna aliyeuliza swali. Bibi Milembe alipita mafigani akinong'ona, na wanawake wakasogeza watoto nyuma ya nyumba.

"Kisima, wanakuja wenyewe. Polisi wa Bariadi wakae umbali wa kilomita mbili. Wasisogee mpaka niseme."

"Ndoo, hao raia unawaamini?"

"Ndiyo."

Saa nane kasoro dakika tano.

Prado ilitangulia, Fuso nyuma. Ziliingia uwanjani mpaka karibu na zizi. Nyuma yao mikokoteni miwili ya kuni ikasogezwa taratibu, ng'ombe wakafunguliwa nira, wakaondolewa. Njia ikafungwa.

Constantine alishuka na kadi mkononi.

"Poleni sana, wazazi. Poleni." Akampa bibi Milembe kadi. "Mimi ni mwenzenu, huku nimezika sana."

Bibi aliigeuza kadi, akaona hainuki dagaa, akairudisha.

"Wa ng'wa nani wewe?"

Wa kwa nani: ni swali la salamu. Mtu wa pale hulijibu akiwa bado anatembea: anataja ukoo wake na maisha yanaendelea. Anayetoka mbali husema mimi mgeni, mama, nifundisheni, naye hukaribishwa.

"Mimi? Mimi ni mshauri wa biashara," Constantine alisema.

Majembe yakanyamaza.

Wanaume arobaini walitoka kando ya kaburi, udongo mpaka magotini. Dereva wa Fuso akaingiza gia ya nyuma. Mbao zikalia, kuni zikamwagika, gurudumu likakwama. Akaruka chini na bastola, hakuweza hata kuinyoosha. Mpini wa jembe la Mayige ulimkuta kwenye kifundo cha mkono. Wale wataalamu wake wawili, wenye makoti meupe, walikaa chini wenyewe, bila kuambiwa.

Constantine aligeuka na kumkuta Nyanjige mbele yake. Meno yakatokea kwa mazoea.

"Dada wa dawa! Waambie hawa tunafahamiana."

Akanyoosha mkono.

Nyanjige aliupokea. Hakuuachia. Pingu ililia mara moja kwenye mkono ule ule.

"Unajua mimi nani?" Sasa sauti ilikuwa nyingine. "Nina namba za watu mia tatu mkoa huu. Napiga moja tu, wewe kesho huna kazi."

"Piga."

Constantine alimtazama kwa mashaka, akatoa simu kwa mkono wa pili, akabonyeza kwa kidole gumba.

Simu ikalia. Ililia pale pale, katikati ya watu. Ndaki wa kiti cha mbele alikuwa amesimama na jembe, suruali ya mkutano imekunjwa. Aliitoa simu mfukoni, akasoma jina, akamtazama Constantine. Akaizima, akairudisha mfukoni, akageuka kuelekea kaburini.

Constantine hakupiga ya pili.

Polisi walifika bila ving'ora, kama walivyoombwa. Walipofika kwenye boma walivua kofia kwanza. Chupa elfu sita zilihesabiwa, zikafungwa lakiri, zikaondoka na Fuso yenyewe. Hakuna ng'ombe aliyeguswa.

"Kazi safi," Maganga alisema sikioni. "Sasa sura yako imeonekana. Duka limefungwa tangu dakika hii. Land Cruiser inakusubiri barabarani, jioni uko Mwanza. Ondoka, Ndoo. Usiage mtu."

Nyanjige aliitazama Land Cruiser. Akawatazama wachimbaji walioshuka tena kaburini. Kwenye mafiga bibi Milembe alikuwa amelipindua pipa la maji, anagonga tako lake kuona kama limebaki tone.

Alichomoa kidude sikioni, Maganga bado anaongea, akakidumbukiza mfukoni.

Akaokota ndoo, akaning'iniza kata ya kujitwishia mkononi, akaelekea kwenye pampu kwa mwendo ule ule wa msibani. Mzee Masele alikuwa hajazikwa, na maji yalikuwa yameisha.