Nyuso Alizozikwangua Sichana

Sichana hakuwa mganga wala mtoto wa mganga. Alikuwa mvivu mwenye ulimi, basi. Alipohamia nyumba ya Malindi mwaka wa sitini na tano, wenyewe wameshayakimbia mapinduzi, alikuta kabatini karata za picha: wafalme, mabibi, mtu aliyening'inia kwa mguu mmoja. Tangu hapo kila siku, mwanawe Time akishakwenda chuoni kusoma Kurani, yeye hutandaza karata tatu mkekani: yaliyopita, yaliyopo, yajayo. Wajinga ndio waliwao, na mji ulikuwa umejaa wanawake wa kuliwa.

Kilichomtia hofu ni picha tu. Malaika hawaingii nyumba yenye picha za watu, alikuwa akisema. Basi akachukua wembe, akazikwangua nyuso zote. Kupiga ramli hakuacha. Ndiyo dini yake hiyo.

Siku moja, majumba ya serikali pale Michenzani yameanza kuinuka, alikuja bibi wa Jang'ombe, Bi Duni, kuuliza kama naye atapata nyumba kule. Sichana akatandaza karata huku akijizuia kucheka.

Ya tatu ilikuwa na uso.

"Huu nliuruka," akasema, akautafuta wembe.

Bi Duni akamshika mkono. "Usikwangue, mwanangu," akanong'ona. "Mtazame kwanza."

"Nimtazame nini, Bi Duni? Karatasi hii!"

Akakwangua, macho yake dirishani. Karatasi ilikuwa laini kuliko nyengine. Vumbi lake lilikuwa vuguvugu.

Akasikia mlango. Time amerudi chuoni.

"Time! Niletee maji ninawe."

"Naam, mama."

Mtoto akaingia na kopo. Bi Duni akatabasamu. "Mashallah, uso mzuri huu!"

Sichana akageuka, akapiga ukelele.

Kuanzia nywele mpaka kidevu hapakuwa na kitu. Peupe. Pamekwanguliwa.

Sasa Time ni mwari, na Malindi nzima inausifu uzuri wake. Mama yake peke yake hauoni. Humjua kwa sauti, na akiitikiwa "Naam" hulia. Karata alizichoma siku ile ile mpaka ya mwisho. Lakini kila asubuhi akiukung'uta mto wa mwanawe, hudondoka vumbi la karatasi. Bado vuguvugu.