Kiti Kilikuwa na Bima

Mama wa chama alirudi nyumbani akiburuta miguu. Tangu asubuhi alikuwa amewaogesha wagonjwa, akafua mashuka yao, akapanda na kushuka ngazi. Chama chake kinawahudumia bure watu wasioweza kutoka kitandani. Wote wanaofanya kazi hiyo wanajitolea, na wote wamechoka.

Mumewe, fundi cherehani, alimtazama akivua viatu.

"Karibu, mheshimiwa. Leo mgongo umerudi nao, au umeugawa sadaka?"

"Niache, mume wangu. Mdogo wangu ameumia."

Mdogo wake naye alikuwa akijitolea chamani. Siku hiyo alikuwa akimnyanyua mzee bafuni, akateleza. Mzee alisalimika. Yeye alivunjika mkono vibaya, na daktari alitaka kumpasua. Gharama yake ilitisha.

"Si chama kina bima?" aliuliza fundi.

"Kinayo. Kesho mapema naenda kwa wakala."

Wakala wa bima alikuwa jirani yao. Aliusoma mkataba wa chama, akavua miwani.

"Jirani, hii ni bima ya mali. Ofisi ikiungua au ikiibiwa, mnalipwa. Meza, viti, kompyuta, vyote vimo. Watu hawamo."

"Nilidhani bima ya chama ni ya chama chote!"

"Wengi hudhani hivyo. Kila bima ina mipaka yake. Lazima uulize inamlinda nani, na kwa jambo gani."

"Basi mkatie mdogo wangu leo."

"Nitamkatia, lakini ni kwa ajali zijazo. Iliyokwisha kutokea hailipwi."

Mama wa chama alitamani kulia, lakini hata nguvu za kulia hakuwa nazo. Alikwenda hospitali, akamweleza mdogo wake yote. Mdogo mtu hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Kwa hiyo, dada, kiti cha ofisini kina bima, mimi sina?"

"Nisamehe, mdogo wangu."

Ndugu na majirani walichanga. Fundi aliuza cherehani yake moja. Mkono ukapasuliwa. Lakini wengine waliokuwa wakijitolea chamani waligoma kuwanyanyua wagonjwa.

"Tunawapenda, mama," walisema, "ila na sisi tuna watoto."

Mama wa chama akabaki kuzunguka peke yake. Wagonjwa wengine walishinda bila kuogeshwa. Alipoona maji yamemfika shingoni, alimwomba wakala aje kuzungumza na wote.

"Mnahitaji bima ya ajali kwa wanaojitolea," wakala aliwaambia. "Mtu akiumia kazini, atibiwe. Na je, mkimwangusha mgonjwa?"

Mama wa chama alimuuliza ana maana gani.

"Familia yake inaweza kudai fidia. Bima ya dhima ndiyo inayowalipia fidia hiyo."

"Hata kama tunahudumia bure?" aliuliza mmoja.

"Hata bure. Mfupa ukivunjika hauulizi kama ulilipwa."

"Fedha zetu hazitoshi bima zote hizo," alisema mama wa chama.

"Basi anzeni na watu. Ile kompyuta yenu, mwizi gani atahangaika nayo?"

Kwa mara ya kwanza tangu ajali ile, walicheka. Wakapunguza bima ya mali, wakakata ya ajali na ya dhima. Wakala aliwaonya wamletee jina la kila mtu mpya kabla hajaanza kazi, na ajali ikitokea wampigie siku hiyohiyo.

Miezi michache baadaye, mama mmoja kati ya wanaojitolea aliteguka mguu akishuka ngazi za nyumba ya mgonjwa. Wakala alipigiwa simu papo hapo. Bima ikalipa matibabu yote. Hakuna aliyechangishwa, wala aliyeuza cherehani. Kesho yake wenzake walifika kazini kama kawaida.

Mdogo mtu naye alirudi. Mkono wake haukunyooka sawasawa, kwa hiyo alipewa kazi ya kupokea simu. Siku ya kwanza alikivuta kiti cha ofisini, akakitazama, akakipigapiga kwa mkono mzima.

"Haya, mwenzangu," alikiambia. "Sasa tumelingana."

Mama wa chama alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi hayo hayakuwa ya kicheko peke yake.